Chuo Kilichozaliwa Ndani ya Meli

Mwezi Januari 1875, kundi la vijana wa New York lilipanda manowari kuukuu ya matanga iliyofungwa gatini kwenye mto East River, upande wa Manhattan. Hawakuitwa vitani. Walikuja kusoma. Chombo kile, USS St. Mary's, kilikuwa kimeshapigana katika vita vya Marekani na Mexico miaka karibu 30 kabla yake, na sasa kiligeuzwa kuwa darasa lao, bweni lao, karakana yao na mahali pao pa kulia chakula. Hapakuwa na jengo la shule, wala uwanja, wala lango lenye kibao. Serikali ilitoa meli, ikatoa na walimu, shule ikaanza.

Shule hiyo ingalipo, na imeshavuka miaka 150. Siku hizi inaitwa SUNY Maritime College, chuo cha umma cha jimbo la New York kinachoandaa maofisa wa meli za biashara, na ndicho kikongwe kuliko vyote vya aina yake nchini Marekani. Majimbo mengine yalifuata nyayo: Massachusetts mwaka 1891, California 1929, Maine 1941, Texas 1962, na Michigan mwaka 1969 kwa ajili ya meli za Maziwa Makuu ya huko. Kila jimbo lina desturi zake na jeuri yake, lakini mpango wenyewe haujabadilika tangu mwanzo. Jimbo huendesha chuo, serikali kuu humiliki meli na kuikopesha chuo hicho. Ukitaka kujua kwa nini vyuo hivi vimedumu, anzia hapo.

Mtu aliyepigania mpango huo alikuwa ofisa wa jeshi la wanamaji, Stephen B. Luce. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, meli za biashara za Marekani zilikuwa zimepungua sana. Nyingine zilikuwa zimezamishwa, nyingi zaidi zilikuwa zimehamia bendera za nchi nyingine. Mabaharia walikuwa wakiokotwa gatini, yeyote aliyepatikana, ajue kazi asijue. Luce, aliyekuwa ameshaandika kitabu cha kufundishia ubaharia, alishikilia kwamba baharia anafundishwa kama anavyofundishwa daktari au mhandisi, na kwamba mafunzo yake hayawezi kufanyika mahali pengine ila majini. Juni 1874 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoliruhusu jeshi la wanamaji kukopesha meli na maofisa wa kufundisha kwa shule za bahari katika miji ya bandari, New York ikiwa mojawapo. Miezi michache baadaye St. Mary's ilikuwa na wanafunzi. Luce mwenyewe aliendelea hadi akaanzisha chuo cha juu cha kivita cha wanamaji mwaka 1884, na maktaba ya SUNY Maritime ina jina lake.

Kwa karibu miaka 60 shule ile ilihama kutoka meli moja hadi nyingine bila kuwa na ardhi yake. Ilipata nyumba mwaka 1934, na nyumba yenyewe ni ya ajabu: Fort Schuyler, ngome ya mawe iliyoanza kujengwa mwaka 1833 kwenye rasi ya Throggs Neck, katika wilaya ya Bronx, pale East River inapokutana na ghuba ya Long Island Sound. Ngome hiyo ilijengwa ili mizinga yake iizuie meli ya adui kuingia New York kwa mlango wa nyuma. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe ilikuwa na hospitali ya majeruhi na mahabusu ya wafungwa wa vita. Jeshi lilipokwisha kuihama, wafanyakazi wa mpango wa ajira wa serikali ya Rais Franklin Roosevelt waliikarabati, ikafunguliwa rasmi kama chuo mwaka 1938. Mwaka 1948, Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilipoundwa, shule ya mabaharia ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizounganishwa kukiunda. Leo makadeti hupita chini ya matao ya mawe kwenda maktaba, huku juu ya vichwa vyao magari yakinguruma kwenye daraja la Throgs Neck lililofunguliwa mwaka 1961. Ng'ambo ya maji, upande wa Long Island, kipo chuo cha serikali kuu cha Kings Point kinachofanya kazi iyo hiyo.

Neno kadeti huwachanganya wengi. Kijana aliyevaa sare nyeupe, anayepiga saluti na kulala kwa kengele, anaonekana ni askari. Siye. Anayefuata njia ya leseni huvaa sare na huishi kwa nidhamu ya kikosi, lakini kazi anayoiendea ni ya kiraia: kubeba makontena, mafuta, magari, nafaka na abiria. Baadhi huchagua kuingia katika jeshi la wanamaji au Walinzi wa Pwani, na wanaopokea ruzuku ya serikali kuu hufungwa na masharti ya kulitumikia taifa baada ya kuhitimu, pamoja na kuwa wanajeshi wa akiba. Wengine wote ni wafanyakazi wa meli za biashara kama walivyo mabaharia wa Mombasa au Unguja.

Mafunzo hugawanyika njia mbili. Wapo wa sitaha, ambao siku moja watasimama kwenye chumba cha usukani na hatimaye kuwa manahodha. Wapo wa injini, ambao ufalme wao uko chini, kwenye joto na kelele za mitambo. Wa sitaha husoma ramani za bahari, rada, hali ya hewa, uwiano wa meli na mzigo wake, sheria za kuzuia migongano baharini, na namna ya kujua mahali meli ilipo kwa kupima nyota na jua kwa sekstanti, maana mitambo ya setilaiti ikizimika nyota zingali mahali pake. Wa injini husoma joto na nguvu zake, umeme, pampu, majokofu, mashine za kusafisha mafuta na za kugeuza maji chumvi kuwa ya kunywa. Wote hujifunza kuzima moto, kutoa huduma ya kwanza, kuelea baharini kwa vazi la kuzuia baridi na kushusha boti ya kuokolea. Katikati ya bahari hakuna zimamoto wa kupigiwa simu. Wafanyakazi wa meli ndio zimamoto, ndio hospitali, ndio polisi.

Mwanafunzi akimaliza miaka yake minne ana mitihani miwili ya kupita. Mmoja ni wa chuo, kwa ajili ya shahada. Mwingine ni wa Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambao ndio wenye mamlaka ya kutoa leseni, nao huchukua siku kadhaa. Somo la sheria za kuzuia migongano hudai alama 90 kwa 100. Mtu aliyepata 85, alama ya kujivunia katika vyuo vingi, hapo amefeli. Ukali huo una sababu: meli mbili kubwa zikikaribiana usiku, ofisa wa zamu hana nafasi ya kutokujua nani ampishe mwenzake.

Lakini mitihani peke yake haitoshi. Mkataba wa kimataifa wa viwango vya mafunzo ya mabaharia, unaojulikana kwa kifupi STCW, ulipitishwa London mwaka 1978 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 1995 na tena mjini Manila mwaka 2010. Kwa mkataba huo, anayetaka kuwa ofisa wa zamu upande wa sitaha lazima awe amekaa baharini si chini ya miezi 12 chini ya mpango wa mafunzo unaotambulika, na miezi 6 kati ya hiyo awe ameshika zamu kwenye chumba cha usukani chini ya uangalizi wa ofisa. Asiye na mpango huo anadaiwa miezi 36. Wa injini nao wana masharti yao ya karakana na ya baharini. Bila siku hizo kuandikwa na kutiwa saini, shahada ni karatasi nzuri tu ya kutundika ukutani.

Hapo ndipo meli ya chuo inapoonyesha thamani yake. Kila kiangazi makadeti wa New York huondoka Fort Schuyler na meli yao. Wa mwaka wa kwanza hubandua kutu, hupaka rangi, husafisha, hushika usukani na kulinda upeo wa macho. Wa miaka ya juu hupanga njia ya meli, husimamia zamu, huongoza wadogo zao. Zamu ni muda wa saa 4 kazini na saa 8 nje ya zamu, mchana na usiku, na katika hizo 8 bado kuna masomo, mazoezi ya moto na usafi wa vyumba. Baadhi ya siku zao huzitumia kwenye meli za biashara pia, wakiwa wawili au watatu tu kati ya wafanyakazi wazoefu.

Kwa zaidi ya miaka 30 kuanzia 1990, meli hiyo ilikuwa Empire State VI, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kubeba mizigo, kisha ikageuzwa kuwa ya mafunzo. Ilikwenda kwa mvuke. Makadeti walijifunza mitambo ambayo meli za biashara zilikuwa zikiiacha moja baada ya nyingine, wakahitimu na kuajiriwa kwenye meli za dizeli. Vyuo vya majimbo vililalamika kwa miaka mingi, na malalamiko yao yalikuwa ya haki.

Jibu lilikuja Septemba 2023, Empire State VII ilipokabidhiwa kutoka karakana ya meli ya Philadelphia. Ni ya kwanza kati ya tano ambazo serikali kuu iliagiza kwa ajili ya vyuo vya New York, Massachusetts, Maine, Texas na California. Kabla yake hakuna chuo cha jimbo kilichowahi kupewa meli iliyobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kufundishia. Zote zilikuwa za kazi nyingine zilizotiwa viraka. Hii ina urefu wa mita 160, hubeba makadeti 600, na ina madarasa, maabara, na chumba cha pili cha usukani ambacho ni cha wanafunzi. Kadeti anaweza kupanga njia na kufuatilia meli nyingine humo, huku chumba kikuu kikiendelea na kazi kama kawaida. Injini zake za dizeli huzalisha umeme, na umeme ndio unaozungusha rafadha.

Meli moja imegharimu zaidi ya dola milioni 300. Bei hiyo hushtua, na Bunge la Marekani halikuwa likinunua darasa tu. Meli hizi zina uwanja wa helikopta, sehemu za hospitali, mlango wa kupakia magari na nafasi ya kulaza watu 1,000 wakati wa maafa. Hata zile kuukuu zilishafanya kazi hiyo. Kimbunga Sandy kilipoipiga New York mwaka 2012, na vimbunga vilipoipiga Puerto Rico mwaka 2017, Empire State VI iliwapa malazi na chakula waokoaji waliokwenda kusaidia. Serikali iliyogharamia mafunzo ya mabaharia ilijikuta ina hoteli inayoelea siku ambayo mji hauna umeme wala maji.

Nidhamu ya chuo cha bahari huwakera baadhi ya wageni. Kadeti wa mwaka wa kwanza anasemeshwa kwa ukali, anaagizwa, anakaguliwa kitanda na viatu. Waswahili hawahitaji kuelezwa sana sababu yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Melini amri moja lazima ifuatwe upesi, maana baharini mabishano huchukua muda ambao huenda haupo.

Ila kuna somo la pili, gumu kuliko la kutii, na vyuo hivi vimelifunzwa kwa machozi. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba 2015, meli ya mizigo El Faro, yenye umri wa miaka 40, ilikuwa safarini kutoka Jacksonville, Florida, kwenda San Juan, Puerto Rico. Kimbunga Joaquin kilikuwa mbele yake karibu na Bahamas. Nahodha na maofisa wake kadhaa walikuwa wahitimu wa vyuo vya majimbo ya Maine na Massachusetts, watu waliosoma sawasawa na waliokuwa na leseni zote. Meli ilizama pamoja na watu wote 33. Mwaka uliofuata kinasa sauti chake kilipatikana chini ya bahari, kina cha mita zaidi ya 4,500, kikiwa na mazungumzo ya chumba cha usukani ya muda wa saa 26.

Wachunguzi walichosikia humo kinafundishwa sasa madarasani. Ofisa wa tatu alimpigia nahodha simu usiku kumweleza kwamba kimbunga kinawakaribia. Saa mbili na ushee baadaye ofisa wa pili naye akampigia, akapendekeza njia nyingine. Nahodha, aliyekuwa akitegemea taarifa za hali ya hewa zilizokuwa zimepitwa na wakati, hakubadilisha njia. Wadogo zake walisema, lakini walisema kwa upole wa mtu anayeogopa kumvunjia mkubwa heshima, nao wakarudi kwenye usukani. Ripoti ya uchunguzi ya mwaka 2017 ililaumu maamuzi ya nahodha na pia jinsi watu wa chumba kile walivyoshindwa kufanya kazi kama kundi moja. Marekebisho ya Manila yalikuwa yameshalifanya somo la uongozi na ushirikiano wa zamu kuwa la lazima. Baada ya El Faro, hakuna mwalimu wa chuo cha bahari anayelihesabu kuwa la kujazia ratiba. Kadeti hufundishwa kutii, na hufundishwa pia kusema kwa sauti inayosikika: nahodha, tunakwenda hatarini.

Ukimya umeumiza kwa njia nyingine pia. Mwaka 2021 mwanafunzi mmoja wa Kings Point aliandika hadharani kwamba alibakwa na mkubwa wake kwenye meli ya biashara alikopelekwa kufanya mafunzo. Serikali ilisimamisha kwa muda safari za makadeti wa chuo hicho na kuweka masharti mapya kwa kampuni za meli kabla ya kupokea makadeti. Masharti hayo yalipaswa kuwapo zamani. Kijana wa miaka 19 katikati ya bahari hana pa kukimbilia.

Na wasichana wanazidi kuja. Deborah Doane Dempsey alihitimu Maine Maritime Academy mwaka 1976, mwanamke wa kwanza nchini Marekani kuhitimu chuo cha mabaharia. Akawa nahodha, kisha rubani wa kuingiza meli kwenye mlango hatari wa mto Columbia. Hata hivyo safari bado ndefu. Ripoti ya mashirika ya wenye meli ya mwaka 2021 ilihesabu mabaharia milioni 1.89 duniani wanaohudumia meli za biashara, na wanawake wenye vyeti hawakufika hata wawili katika kila mia.

Si wote wanaohitimu huishia baharini. Wengine huendesha bandari, vinu vya umeme, bima na karakana za meli. Scott Kelly, aliyekaa angani siku 340 mfululizo kati ya 2015 na 2016, alihitimu SUNY Maritime mwaka 1987. Alikuwa mwanafunzi dhaifu katika chuo alichoanzia. Alihamia Fort Schuyler, na ni huko alikopata nidhamu iliyomfikisha kwenye urubani wa kivita na kisha angani.

Ripoti ile ya 2021 ilikadiria pia kwamba dunia ingehitaji maofisa wapya karibu 90,000 kufikia 2026. Vijana wa pwani yetu wanaweza kuzipata nafasi hizo, na vyuo vipo. Chuo cha Bahari Dar es Salaam, DMI, kilianza mwaka 1978 kama kitengo cha mafunzo na kupata sheria yake mwaka 1991. Mombasa kuna Bandari Maritime Academy. Vyote vinafundisha kwa mkataba ule ule wa STCW unaoiongoza New York, na mwanafunzi wao anadaiwa miezi 12 ile ile. Kinachokosekana ni meli. Hakuna chuo Afrika Mashariki chenye meli ya mafunzo ya kuvuka bahari kuu ya kiwango hicho, na meli za masafa marefu zinazomilikiwa na nchi zetu ni chache mno. Ndiyo maana wapo vijana waliomaliza masomo ya darasani, wenye matokeo mazuri, wanaozunguka ofisi za mawakala wa meli kutafuta nafasi ya ukadeti huku miaka ikipita.

Si lazima tununue meli ya dola milioni 300. Meli kubwa za nje huingia Dar es Salaam, Mombasa, Tanga na Zanzibar mwaka mzima, na serikali zetu huketi mezani na wenye meli hizo kila zinapojadili mikataba ya gati, ushuru na huduma. Nafasi za makadeti ziwe sharti katika mikataba hiyo, zihesabiwe, na kadeti apelekwe akiwa na mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Na mzazi anayepanga kumpeleka mwanawe au bintiye chuo cha bahari, asiishie kuuliza ada na vyumba. Aulize makadeti wangapi walipata meli mwaka jana, walikaa baharini miezi mingapi, na wangapi walirudi na vitabu vyao vya mafunzo vikiwa vimetiwa saini.